Ruta ya Chumba cha Nyuma

Nyumbani kwetu kila kitu kina nguo. Redio ina nguo, jagi la maji lina nguo, kiti cha mgeni kina nguo mbili, ya mgongoni na ya kukalia. Hata simu ya mezani, iliyokatwa laini kabla mimi sijaolewa, bado imevaa kitambaa chake cheupe chenye pindo la maua. Kwa hiyo fundi wa kampuni ya intaneti alipotufungia ruta, akaiacha juu ya rafu na kwenda zake, haikumaliza hata siku moja ikiwa uchi. Mama mkwe wangu aliivisha kitambaa cha kufuma, akaona haitoshi, akaiingiza kwenye kabati la vyombo vya wageni, lile lenye kioo cha kujitazamia mgongoni kwa ndani na mlango wa kufuli, kati ya birika la kauri na bilauri ambazo hakuna mgeni aliyewahi kufikia hadhi ya kuzinywea.

"Kitu cha thamani hakiachwi kikapigwa vumbi," alisema, akageuza ufunguo.

Mimi ni msusi. Chumba cha mbele ndicho saluni yangu, na kabati lile liko hapo hapo, kwa hiyo wateja wangu walikuwa wanaangalia video zao bila shida huku vichwa vyao viko mikononi mwangu. Sikuona sababu ya kubishana na Mama. Nina ulimi mwepesi, mume wangu atakuambia, na tangu niingie nyumba hii nimejifunza kuung'ata kabla haujaniponza.

Vitambaa vyote hivyo havikufumwa na Mama. Vimefumwa na mdogo wake, ambaye mume wangu anamwita Mama Mdogo, nami namwita hivyo hivyo. Mama Mdogo ni kiziwi tangu kuzaliwa. Anaishi mbali, safari ya kulala njiani, kwa mpwa wao na mke wa huyo mpwa. Shule hakupelekwa. Kama ilikuwepo shule ya watu kama yeye, hakuna aliyewaambia wazazi. Basi wao wawili, wakiwa watoto, wakajitengenezea lugha ya mikono. Usifikirie ile ya kwenye taarifa ya habari, yenye yule mtu pembeni. Hii ni yao peke yao. Ina majirani waliokufa zamani, ina mbuzi mmoja mkorofi ambaye jina lake sasa ndilo neno la mtu yeyote mwizi, ina namna ya kujivuta shavu ambayo maana yake ni Jumapili, na wenyewe hawakumbuki kwa nini. Duniani kote wanaoijua ni wawili. Mume wangu na ndugu yake waliokota maneno machache walipokuwa wadogo. Mke wa mpwa anajua chakula, maji, choo na lala.

Simu za video zilipoingia, Mama alipata ujana mpya. Kila siku baada ya chakula cha mchana anaingia chumbani kwake, chumba cha nyuma kabisa, anafungua dirisha ili mwanga uingie, anaegemeza simu kwenye kopo la sukari, na hapo wanaanza kusengenya. Mbele za watu Mama ni mtu wa kukaa wima na kujibu kwa mkato. Mle ndani anatoa ulimi, anavimbisha tumbo, anamwigiza mwenye duka la nyama anavyotembea. Na mara nyingi, nikipita na ndoo yangu ya taulo, nilimwona akigonga ngumi juu ya kiganja, mara mbili, ko-ko, kisha wanacheka, yeye na mdogo wake, na Mama ananitupia jicho. Nilijua wananisema mimi. Nikaamua maana yake ni kichwa kigumu, nikapita kimya, maana kusema kweli hawakunisingizia.

Kisha Mama Mdogo akapigwa na kiharusi.

Alipona, tunashukuru. Alirudi nyumbani akitembea kwa kushikwa. Lakini mkono wa kulia ulibaki umelala pajani na haukuamka. Kwa mtu mwingine huo ni mkono. Kwake yeye ilikuwa ni kama kung'olewa nusu ya mdomo, kwa sababu lugha yao karibu yote ni ya mikono miwili. Mtaalamu wa mazoezi alimwambia mpwa bila kuzunguka: huyu mama asipozoea kujieleza kwa mkono uliobaki, tena mapema, atajifungia ndani yake na ataacha hata kujaribu. Sasa nani amzoeze? Mke wa mpwa, na maneno yake manne? Alikuwepo Mama tu, naye ni wa kwenye simu, maana magoti ya Mama yamekwisha kukataa safari ndefu.

Wakaanza upya kama watoto. Kila neno la mikono miwili walilitafutia namna ya mkono mmoja, tena wa kushoto, usiozoea kazi, unaotetemeka. Ni kazi ya macho kabisa. Usipoona kidole kinavyokunjwa, neno limekupita.

Na picha ya simu, mle chumba cha nyuma, ilikuwa na tabia ya kuganda. Ilikuwa nayo tangu zamani, lakini zamani walikuwa na mikono minne na umri mzima wa kuzoeana, kilichopotea walikibuni. Sasa hakukuwa na cha kubuni. Neno lenyewe limezaliwa jana.

Mchana mmoja nilimpelekea chai. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono yake yote miwili iko hewani, haisogei. Kwenye simu Mama Mdogo alikuwa ameganda mdomo wazi, na mkono wake wa kushoto ulikuwa ukungu mtupu. Mama akangoja, nami nikangoja na kikombe changu. Picha ikaruka. Mama Mdogo alikuwa ameshamaliza kusema, anatutazama, anataka jibu. Mama akamwashiria arudie. Akarudia, polepole, uso umekunjamana kwa bidii, na picha ikaganda pale pale. Alipoombwa tena, hakurudia. Alitutazama kidogo, akanyoosha ule mkono wake mmoja, akailaza simu kifudifudi.

"Anadhani simwelewi tena," Mama alisema.

"Mama, ni mtandao tu."

"Najua ni mtandao. Utamwelezaje mtu mtandao kwa mkono mmoja? Anadhani nimemchoka."

Kesho yake mke wa mpwa alipiga simu ya kawaida, kwa sauti ya chini. Mama Mdogo amekataa kuwekwa mbele ya simu. Amelala, amegeukia ukutani. Akiguswa bega anausukuma mkono wa mtu.

"Basi mwacheni apumzike," Mama akajibu, akakata. Akakaa na mikono yake ameikumbatia kwapani. Tangu nimjue sijawahi kuona mikono ya Mama haina kazi. Niliogopa.

Mtu atauliza, si angehamia tu chumba cha mbele, kwenye kabati? Alijaribu. Siku ya kwanza mteja mmoja, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama, alianza kumwiga kwa kucheka. Nilimmalizia kichwa kile kwa mkono mzito kidogo, Mungu anisamehe, lakini Mama hakukanyaga tena pale na simu yake. Bando la simu nalo chumba cha nyuma halishiki. Bati, zege na nyumba ya jirani vimelibana.

Na kwa nini Mama analala chumba cha nyuma? Hili sikuhitaji kuulizwa na mtu. Chumba cha mbele kilikuwa chake. Kina dirisha la barabarani, kina upepo, ndicho alichojengewa na marehemu mume wake. Nilipoolewa nilikuja na sanduku la nguo na begi la vitana, na nilikuwa nasuka watu nje, chini ya mwavuli. Mvua ya kwanza iliponikuta, Mama alitazama nywele za mteja wangu zinavyochuruzika. Jioni ile alihamisha kitanda chake. "Chumba hiki kina mwanga wa kazi," ndiyo hotuba yote aliyotoa. Nimelisha watoto wangu kutoka chumba kile. Kwa hiyo kama Mama alikuwa amekaa mahali ambapo mtandao haufiki, aliyemsukumia huko alikuwa mimi na kazi yangu.

Nilikuwa nadunduliza ninunue draya mpya ya kusimama, ile yenye kofia. Nikaiambia draya isubiri.

Shemeji yangu, ndugu yake mume wangu, tunamwita Injinia. Jina alilipata utotoni kwa kuifungua pasi ya Mama, na pasi yenyewe mpaka leo haijafungwa. Ni mtu wa moyo safi, shida yake ni kwamba hana jambo asilolijua. Nilipomwambia tunahitaji ruta ya maana, hakuniacha nimalize.

"Shemeji, hiyo niachie mimi," akasema, na jioni akaja na ruta ameiazima kwa rafiki yake wa ofisini, antena nane, nyeusi, imekaa kama mende aliyelala chali. Aliichomeka kwenye saluni. Ikawaka taa za rangi zote. Akarudia ule utani wake uliochakaa, kwamba hatimaye tumepata wifi asiyeomba nauli, na mimi nikacheka kwa sababu ni shemeji.

Mle saluni kweli ilikimbia. Nikaenda chumba cha nyuma na simu. Mende na antena zake zote nane, picha ikaganda.

"Basi tatizo ni kifurushi," Injinia akasema. "Tulipie kikubwa zaidi."

Hapo ulimi wangu ulitaka kutoka, nikaung'ata. Badala yake nikampigia mume wangu video. Yeye ni fundi wa friji, siku hiyo alikuwa kwenye jiko la hoteli, amejiinamia nyuma ya friji kubwa.

"Usikate," nikamwambia. "Endelea na kazi yako, mimi natembea na wewe."

Nikaanzia kabatini. Alionekana vizuri hata jasho la puani. Nikaingia ukumbini, bado mzima. Nikapita jikoni, akaanza kuchelewa, mdomo unafunga baada ya sauti. Nikapita pipa la chuma la maji, mume wangu akawa miraba miraba. Mlangoni kwa Mama akaganda, spana mkononi, na sauti yake ikawa inatokea kisimani.

"Umefika wapi?" akauliza.

"Nimefika penye tatizo," nikamjibu.

Kumbe intaneti inayoingia nyumbani haikuwa mbovu. Ilikuwa inaingia vizuri, inapokewa na kabati, inavishwa nguo, inafungiwa, halafu tunailaumu haifiki nyuma.

Dukani tulikwenda wawili, mimi na Injinia. Ukuta mzima ni maboksi ya ruta, na kila boksi lina picha ya familia inayotabasamu kwenye kochi. Hakuna boksi lenye picha ya ukuta wa tofali nene. Muuzaji alikuwa jamaa mnene, anakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa, na hakuwa na haraka na sisi hata kidogo.

"Tupe kubwa kuliko zote," Injinia akasema.

Jamaa akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu bila ubishi, akateremsha boksi zito. Akaliweka kaunta. Kisha, sijui kwa nini, akanigeukia mimi.

"Dada, anayetumia sana ni nani hapo nyumbani?"

"Mama mkwe."

"Anakaa wapi?"

"Chumba cha mwisho. Kuna kuta tatu, jiko na pipa la chuma katikati."

"Anaangalia filamu?"

"Anaongea na mdogo wake kwa mikono," nikasema. "Kwa video. Mdogo wake ni kiziwi, na sasa amebaki na mkono mmoja."

Jamaa akaweka chai yake chini. Akalitazama lile boksi, akapumua, akalirudisha juu.

"Hilo ningependa sana kukuuzia," akasema. "Lina faida. Lakini ungerudi nalo kesho umenuna. Sikiliza. Mtu wa filamu mtandao ukiyumba hajui, maana filamu inajiwekea akiba mbele. Mazungumzo hayana akiba. Kinachosemwa sasa hivi kinatakiwa kifike sasa hivi. Na hizi ruta zina masafa mawili: kuna yanayopenya ukuta lakini ni ya taratibu, na kuna ya kasi lakini ukuta mmoja tu hoi. Wewe una kuta tatu. Unataka ya kasi, na unataka yafike. Ruta moja, iwe na antena nane au themanini, haikupi vyote."

Injinia akafungua mdomo. Mimi nikaona kichwa cha mtu. Ndivyo akili yangu ilivyo, kila kitu nakiona kwenye kichwa cha mtu. Huwezi kumaliza kichwa ukiwa umesimama upande mmoja, hata ukiwa na mikono mirefu namna gani. Kisogoni utaharibu tu. Ama uzunguke, ama msusi wa pili asimame nyuma.

"Zipo za kusimama mbili?" nikauliza. "Moja mbele, moja nyuma, zinasaidiana?"

Jamaa akacheka mpaka tumbo likagonga kaunta. Akainama chini, akatoa boksi la seti ya ruta mbili, nyeupe, ndogo, hazina antena hata moja ya kuonekana. Injinia alizitazama kama mtu aliyeletewa mtoto mchanga anyanyue gunia.

"Hizi zitatumia jina moja, neno la siri moja," jamaa akasema. "Moja karibu na laini inapoingilia, nyingine chumbani kwa mama mwenyewe. Na mkiweza, msiziache zisemezane kwa hewa. Mna mtu wa kupitisha waya darini?"

"Nina mume," nikasema.

Akanipimia waya mrefu, akaweka wa ziada wa kona, akaandika namba ya simu ya duka juu ya boksi. "Ikimgandia mama, niite. Usingoje." Sikumuuliza jina lake na sijui kama nitamwona tena, lakini kila mchana saa ya Mama ikifika namwombea jamaa yule na kifuniko chake cha chai.

Jumapili mume wangu akapanda darini. Alikuwa anapiga chafya juu, Injinia anamwelekeza kutoka chini mahali pa kupita, na kila alipoelekezwa kushoto alipita kulia na kazi ikaenda vizuri. Waya ukatokea chumbani kwa Mama, nyuma ya pazia. Ikabaki kabati.

Mama alikuja na ufunguo, akafungua, akasimama mbele ya mlango.

"Ruta ya zamani chukueni. Mpya nayo itakaa humu, na kitambaa chake."

"Mama, hiki kioo cha nyuma kinarudisha mawasiliano. Na kitambaa kinaipasha joto, ndiyo maana mchana inachoka."

"Basi ya mbele iwekeni mnavyotaka. Lakini hiki kitambaa nitakivisha hiyo ya chumbani kwangu. Hakitupwi."

"Hakuna anayekitupa, ila kwa nini lazima kila kitu kivae..." Sauti yangu ilikuwa imeshapanda. Mume wangu alichungulia kutoka darini, uso umejaa utando wa buibui, akanitolea macho.

Mama alikitoa kile kitambaa juu ya ruta, akakikunjua kwenye kiganja chake. Cheupe, pindo la kijani, mishono midogo kama chumvi.

"Nilimwambia kwenye simu kwamba tumepata mashine ya kutuonyesha nyuso zetu. Akaniuliza ukubwa wake. Nikampimia kwa mikono hivi. Akafuma hiki, akanitumia, nikakivisha badala ya kile cha siku ya kwanza. Baada ya hiki hakufuma tena."

Kitambaa hicho ndicho cha mwisho cha mikono miwili, na mimi nilikuwa nakiita nguo.

Nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikafikiri. "Mama," nikasema, "na tukikitandika? Tusiivishe. Kitambaa kiwe chini, ruta ikalie. Itapumua, na kitambaa kitaonekana chote, hata hilo pindo."

Mama akafikiri na yeye. "Kama mgeni kwenye kiti."

"Kama mgeni kwenye kiti."

"Sawa," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya simu kulazwa kifudifudi, niliona mikono yake inafanya kazi. Alikitandika mwenyewe juu ya rafu ya chumbani kwake, akakinyoosha pembe, akapokea ile ruta nyeupe kwa mikono miwili na kuikalisha katikati. Taa yake ikawaka kijani. Ya mbele tukaiweka wazi ukutani, juu ya kabati. Mume wangu akanipigia kutoka saluni, nikaenda na simu mpaka kitandani kwa Mama, na hakupotea hata nywele moja ya nyusi.

Lakini ruta haiwezi kumgeuza mtu aliyegeukia ukutani. Tulipiga, mke wa mpwa akapokea, akasogeza meza ndogo kando ya kitanda, akaegemeza simu. Tukaona mgongo wa Mama Mdogo na kilemba chake. Mke wa mpwa akamgusa bega. Bega likatikisika kwa hasira, basi. Akamgusa tena. Mama Mdogo akajifunika shuka.

"Usimguse," Mama akasema. "Hapendi kushtuliwa. Gonga ubao wa kitanda. Mara mbili, taratibu, asikie mgongoni."

Yule dada akatushangaa, lakini akagonga. Ko-ko.

Shuka ikatulia. Kisha Mama Mdogo akageuka, akajiinua kwa kiwiko, akawa anatazama mlangoni kwake, anamtafuta mtu. Hakumwona. Macho yakarudi, yakakuta simu, yakamkuta dada yake.

Mama hakungoja. Mikono yake ikaruka. Sijui alisema nini, najua tu kwamba alijigonga kifua, akaonyesha juu darini, akaonyesha ruta, akamwigiza Injinia akielekeza na mume wangu akipiga chafya. Kisha akauficha mkono wake wa kulia nyuma ya mgongo, akaanza kuongea kwa wa kushoto peke yake, polepole, mkono mmoja kwa mkono mmoja. Mama Mdogo alitazama. Mkono wake ukatoka ndani ya shuka. Vidole vikakunjwa, vikakunjuka, kimoja kikabaki kimesimama, na sisi tukakiona chote, tangu kinaanza mpaka kinamaliza. Mama akamjibu papo hapo. Mama Mdogo akasema neno refu. Akajibiwa. Akasema jingine haraka zaidi, la kumjaribu, na likajibiwa kabla mkono haujashuka. Akaanza kulia, mdomo unacheka. Mama naye. Mimi nilikuwa nimeshaanza zamani.

Baadaye Mama Mdogo akauliza kitu, akizungusha kidole. Mama akageuka kunitazama, akagonga ngumi juu ya kiganja. Ko-ko.

Sikuvumilia tena. "Mama, hiyo ni nini? Miaka yote mnanifanyia hiyo."

"Ipi?"

"Hiyo ngumi. Ni kichwa kigumu, sivyo?"

Mama akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Hilo ni jina lako."

"Jina langu?"

"Alikupa yeye, wiki uliyoolewa, alipokuja harusini. Alikuwa amekaa kwenye benchi ukumbini, anafuma, amekupa kisogo. Watu wote wa nyumba hii, hata mimi, tunamgusa bega, na kila siku anashtuka, sindano inamchoma. Wewe ulikuwa mgeni, hujui kitu. Ukasimama kwenye ncha ya benchi ukagonga ubao, mara mbili. Akaisikia hodi mwilini. Aliniambia jioni, maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumpigia hodi. Basi wewe ni Mpiga Hodi. Hukujua?"

Sikujua. Hata benchi lenyewe nililikumbuka kwa mbali, kama kitu alichofanya mtu mwingine. Kumbe nimekuwa na jina katika lugha ya watu wawili tu, na nimekuwa nikilipita na ndoo ya taulo.

"Amekuuliza nani aliyeleta mashine," Mama akasema. "Nimemwambia."

Nilitaka kujibu kitu, lakini picha ikatikisika. Nikageukia ruta, imekaa juu ya kitambaa chake, taa ya kijani, haina habari. Picha ikatikisika tena, kopo la sukari la kwetu limetulia kabisa.

"Mama, imeanza tena!" nikasema, na mkono wangu ulikuwa umeshaelekea kwenye waya.

Mama akanishika. "Haijaanza kitu. Tazama vizuri."

Nikatazama. Mama Mdogo hana tena kiganja cha kugongea. Alikuwa amekunja ngumi ya kushoto, anagonga ile meza iliyobeba simu. Ko-ko. Ananitazama mimi. Ko-ko. Ananiita.

Katika lugha yao sijui neno hata moja la kujibu. Kwa hiyo nikafanya ninachokijua. Nikainama, nikagonga meza ya Mama, mara mbili, taratibu, kopo la sukari likacheza na simu ikacheza nalo, na kule mbali Mama Mdogo akaniona nikitikisika. Uso wake ukafunguka. Akaukunjua mkono wake, akaufungua wote kuelekea kwangu, akauvuta polepole kifuani.

Hilo Mama hakunitafsiria. Unapopiga hodi, unajua utajibiwa nini.